Kifuniko cha Mashine ya Nestor

Nestor Karvonen alifariki mwezi wa Agosti akiwa ameshajiandikisha kwa maonyesho ya Februari ya pikipiki za theluji za zamani. Lempi, mkewe, alilia siku za msiba zikaisha, kisha akaenda gerejini kuitazama pikipiki ya theluji ya mumewe, ile itelezayo kwa mkanda badala ya magurudumu. Ya manjano, ya mwaka sabini na moja, na rangi yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mashindano yenyewe ndiyo hayo: rangi isiyoguswa. Ukionekana mkwaruzo mmoja, umetolewa. Na kutoka kwao, kando ya Ziwa Superior, hadi kwenye maonyesho ni maili mia mbili na kumi, barabara nzima imemwagiwa chumvi na mchanga dhidi ya barafu, na tela ni ya wazi.

"Turubai na kamba," alisema Arvid, mdogo wake Nestor, mwenye tela.

"Yako mwaka juzi uliifunika na nini?"

"Turubai na kamba."

"Ikafikaje?"

Arvid akatazama dirishani. Turubai lilikuwa limepigapiga njia nzima, likaisugua mashine yake kama mtu anayesugua sufuria yenye ukoko.

"Ule ulikuwa upepo," alisema.

"Na mwaka huu upepo umestaafu, shemeji?"

Lempi akaenda dukani kwa Dorvin. Dorvin akamtolea kifuniko chepesi, kinachong'aa.

"Hiki ni cha kuvutwa barabarani au cha kulalia gerejini?"

"Ni kifuniko, mama."

"Hata shuka ni kifuniko."

Cha pili kilikuwa kizito. Akakipindua ndani nje, akakisugua shavuni: laini kama fulana ya mtoto. Mpira umezunguka pindo lote, mikanda minne inapita chini ya tumbo la mashine, na nyuma kuna matundu mawili yenye vifuniko vidogo, ili upepo unaopenya chini upate pa kutokea. Lempi akavuta mishono kwa kucha mmoja mmoja. Dorvin akadhani yamekwisha.

"Una ile mashine ya kupulizia majani?"

Ndivyo Dorvin alivyojikuta nje ya duka lake, baridi ikimkata masikio, akiipulizia pikipiki ya theluji ya dukani iliyofunikwa, kama upepo wa barabarani.

"Puliza kama mtu aliyekula," Lempi alimwambia.

Kifuniko hakikutikisika. Akakinunua.

Siku ya safari Arvid alipakia peke yake Lempi akiwa bado anajaza chupa ya kahawa. Lempi alipotoka, baridi haikumpa nafasi ya kukagua, akaingia garini moja kwa moja. Maili sitini baadaye walisimama kwenye kituo cha mafuta. Lempi akashuka kunyoosha magoti, akaona kifuniko kimevimba kama mkate uliozidi hamira. Akazunguka tela. Matundu ya nyuma yalikuwa yanatazama mbele.

"Shemeji, umeipakia kinyumenyume."

Arvid alikuwa anaikagua pampu ya mafuta kwa makini sana.

Mashine hizo za zamani hazina gia ya kurudi nyuma. Ukiipandisha kichwa mbele, huko uendako utaishusha kwa kuiburuza, makalio yakitazama watu. Kwa hiyo wanaume wa kule huiburuza kinyumenyume hadi juu ya tela huko nyumbani, pasipo macho, ili wakifika waishushe kwa kuiendesha, kofia upande.

"Nilitaka ishuke kwa heshima," Arvid alisema.

"Heshima ya nani?"

"Ya marehemu kaka."

"Marehemu hatakuwa juu yake. Utakuwa wewe."

"Zimebaki maili mia na hamsini tu."

"Basi twende kinyumenyume hadi huko. Mimi nitakutazamia nyuma."

Arvid akafikiri, jambo lililomtia Lempi wasiwasi. Kisha akafungua mikanda. Wote wawili wakainama juu ya boneti. Lempi akalipulizia pumzi, akalitazama kwa ubavu, akapitisha kidole. Kile kitambaa laini kilikuwa kimepapasa, hakikukwaruza. Kwa maili sitini.

"Kwa mia mbili na kumi, sijui," alisema.

Wakaigeuza. Dereva mmoja wa lori aliwasaidia, mkate wake wa nyama ukiwa mdomoni, kwa hiyo hakuuliza kitu. Kifuniko kikarudi, mikanda ikakazwa, na njia iliyobaki Lempi alikaa ameikunja shingo akitazama nyuma. Hakikuvimba tena.

Walipofika, Arvid aliiburuza mashine kutoka kwenye tela mbele ya umati, makalio yakitazama watu. Mtu mmoja alipiga makofi. Lempi hakumwambia shemejiye ni nani.

Mwamuzi alikuwa mama mwenye tochi. Alimulika boneti, ubavu huu, ubavu ule, akapiga magoti akamulika chini.

"Imepakwa rangi lini?"

"Haijawahi."

Akamulika upya, kama polisi. Kisha akazima tochi, akaandika kwenye karatasi yake kwamba rangi ni ya kiwandani, haina mkwaruzo, imekubaliwa.

"Mmiliki?"

"Nestor Karvonen."

"Aje atie sahihi."

"Ametangulia," alisema Lempi.

Mwamuzi akatazama mlango wa ukumbi.

"Atarudi saa ngapi?"

"Huko alikotangulia hawarudi mapema," Lempi alisema. "Lete kalamu, nitamtilia mimi."