Mimba ya Fortunée Kwenye Orodha

Jumatatu, saa mbili ya asubuhi, Papa Nephtali alipangusa meza yake akaweka karatasi mbili kandokando: orodha ya vijana ya mwaka jana, na nyingine tupu ya mwaka huu. Akaanza kunakili. Yeye ni sekretari wa chama kidogo cha Kabondo, hapa Kisangani, kinachofundisha wasichana kushona kwa msaada wa fondasio moja ya Ulaya. Mwaka wa kwanza fondasio iliandika kwamba orodha mpya isigombane na ile iliyotangulia. Papa Nephtali ni mtu wa kutii. Akanakili majina na miaka vilevile, mwaka baada ya mwaka, na wasichana wakabaki na umri uleule, hata mwilini.

Hakuna aliyelalamika sana. Jino bovu la Chancelle, mmoja wao, halikuzidi kuuma, wala halikupona. Lakini Fortunée, maskini, aliandikwa: miaka kumi na tisa, mimba ya miezi minane. Basi ilikuwa miaka sita sasa ana mimba ya miezi minane. Mdogo wake Bibiche, asiyekuwa kwenye orodha, alimpita umri, akazaa watoto watatu, na Fortunée akaanza kumwita yaya, kama dada mkubwa. Mume wa Fortunée, Papy, mvuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, kila jioni alimwekea mkono tumboni.

"Iko?"

"Iko."

Kisha alikwenda kuoga.

"Kitendawili," Chancelle alisema asubuhi hiyo, mguu kwenye mashine.

"Tega," wakajibu wenzake.

"Mugeni anapiga hodi miaka sita, mulango haifunguke."

"Cheka tu," Fortunée alisema. "Siku jino yako itatoka, nitakuja kukupa pole."

Akainuka, mkono kiunoni, akaenda mpaka kwenye meza ya sekretari.

"Papa Nephtali, mwaka huu usiniandike. Nataka kuzaa."

"Mwanangu, nikikutoa tutabaki makumi tatu na tisa. Barua ya fondasio inasema makumi ine. Watachukua mashine zao, na wenzako wote watarudi kukaa bure nyumbani."

"Alors andika miezi kenda."

"Itagombana na ya mwaka jana." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. "Ngoja Madame wa fondasio. Anafika Alhamisi."

Alhamisi Madame Colette alifika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza mpaka mwisho bila kukata neno. Aliomba ruhusa akagusa tumbo. Mtoto alimsukuma mkono kwa nguvu.

"Madame, miye nachoka," Fortunée alisema. "Na yeye mule ndani anachoka."

"Ninaelewa kabisa," Madame Colette alisema, akatoa daftari. "Huyu wa tumboni mumemuhesabu?"

Papa Nephtali alisema bado.

"Bon, sababu gani? Si anakuja kila siku? Hajakosa hata mara moja."

Akaandika arobaini na mmoja. Watu wote walipiga makofi, maana tangu chama kianze hesabu haikuwahi kupanda. Juma lililofuata barua ilikuja kutoka Ulaya: kwa kuwa chama sasa kinawafikia hata wasiozaliwa, mradi unaongezwa miaka mitatu. Papa Nephtali aliandika mstari mpya kwa mwandiko wake mzuri: mtoto wa Fortunée, yuko tumboni. Fortunée alitia sahihi mara mbili, moja yake, moja ya mtoto, akarudi kwenye mashine.

Kwa hesabu yake mtoto huyo angeanza shule Septemba. Aliita mtoto wa kwanza wa Bibiche, akampima mabega na mikono badala ya wake, akakata kitambaa cheupe cha sare. Hakujua kama itahitajika suruali ya bluu au sketi, basi alianza na shati, kwa kuwa shati wanavaa wote. Chini alikunja pindo nene, la kufumuliwa kidogo kila mwaka, mara tatu.