Upande wa Eutimio

Kwa majira ya joto kumi na minane nilichuna mialoni na mtu mmoja, Eutimio, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwamba amemjeruhi mama. Mama ndiyo ngozi ya ndani ya mti. Gome la juu, lile la vizibo vya chupa, unalibandua na mti unaota jingine kwa miaka tisa. Lakini shoka likizama zaidi kwa unene wa ukucha, umemkata mama, na alama hiyo haifutiki. Eutimio alishusha shoka kwa nguvu ya kuua ng'ombe, akalisimamisha pale pale alipotaka. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anakosaje mti mzima na kupata vidole vyangu viwili?

Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo tangu Julai. Huku Extremadura, Uhispania, tunachuna wawili wawili, mmoja upande huu wa shina, mwenzake upande ule. Anayetaka kupenyeza mkono nyuma ya gome husema "Mkono," na mwenzake hujibu "Haya" na kuzuia shoka. Siku ile nilisema. Naye alijibu. Kisha shoka likashuka.

Tena siku mbili kabla tulikuwa tumegombana baani. Tulicheza karata upande mmoja, akatupa karata yenye picha ya rungu mahali pa yenye upanga, tukashindwa, nami nikamwambia amehongwa na wapinzani wetu. "Iko siku nitakukata huo ulimi," akasema. Kijiji kizima cha Valdehoyas kilisikia, na ambao hawakusikia walijazia wenyewe. Maneno yakasafiri mpaka kwa watu wa bima.

Bi Quintana, mchunguzi wa bima ya ajali kazini, alinijia nyumbani mwezi wa Agosti. Mke wangu Remedios alimwekea kahawa, kisha akasimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Bwana Anselmo, bima hulipiwa na mwajiri wako, si wewe," alianza yule mama. "Ukiumia kazini tunakutibu, tunakupa robo tatu ya mshahara ukiwa nyumbani, na mkono usiporudi kama zamani unapata malipo ya kila mwezi. Hatuulizi nani alizembea."

"Basi mnauliza nini mwezi mzima?"

"Tunauliza kama ilikuwa kazi au ugomvi. Mtu akikukata kwa chuki zenu za baani, hata akikukata mkiwa kazini, hiyo si ajali ya kazi. Sisi hatulipi. Unamshtaki yeye, unamdai yeye."

"Eutimio ana mbuzi wanne na kikohozi," akasema Remedios. "Tumdai kikohozi?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Nimemuuliza mara tatu. Jibu lake ni moja: 'Andika utakavyo.'"

Hapo damu ilinichemka. Mtu asiye na hatia hasemi andika utakavyo. Anaapa, anatukana, anagonga meza.

"Na wewe unaamini nini, Bwana Anselmo?"

"Anaamini ni ajali," akajibu Remedios.

"Sijakuuliza wewe, mama."

"Miaka thelathini humu ndani siulizwi, najibu tu."

Mimi nilitazama mkono wangu. Nina miaka hamsini na mmoja, kazi nyingine siijui, na mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Nikisema ninachoamini, tunalala njaa. Nikitaka kula, lazima nimsafishe kwa kiapo mtu aliyenilemaza. Bi Quintana akafunga mkoba wake, akasema Alhamisi tukutane sote watatu kwenye ule mti, kila mtu aonyeshe alivyosimama.

Jumatano asubuhi nikapanda mlimani peke yangu. Sikumwamini Eutimio hata chembe, nikawaza huenda akatangulia kuharibu ushahidi. Nikasimama upande wangu, nikatazama ule mstari wa gome uliokuwa na damu yangu. Kisha nikazunguka upande wake. Ndipo nilipogundua jambo la kuchekesha: miaka kumi na minane, sikuwahi kusimama upande wa Eutimio. Gome likibanduka, tunabeba, kila mtu anashika upande wake kwenye mti unaofuata.

Shina lililochunwa huwa jekundu kama udongo wa huku. Kwa hiyo sikuona kitu mpaka nilipopitisha kiganja. Palikuwa na tope lililokauka, limepakwa eneo pana. Nikalikwangua kwa ukucha. Chini yake mama alikuwa amekatwa, kidonda kirefu kama kiganja changu.

Nikaenda mti wa pili. Tope. Wa tatu, tope. Katika miti tuliyochuna Juni vidonda vilikuwa vifupi, ya Julai virefu. Mficha maradhi kilio humfichua, nami ndiye niliyelia.

Nikaketi chini. Hakuwa amehongwa kwenye karata, rungu aliliona upanga. Na siku ile nilipomwambia "Mkono," alinisikia vizuri. Alijua mkono upo, ila hakujua uko wapi.

Nilifurahi kwa pumzi moja, kisha nikamchukia kuliko nilipodhani alikusudia. Nilimkuta zizini, anakamua.

"Utakwenda lini kwa daktari wa macho?" nikamuuliza.

"Macho yangu yana nini?"

"Nimekwangua tope, Eutimio."

Aliendelea kukamua mpaka mbuzi akaishiwa maziwa. "Miaka miwili tu, ndugu yangu. Miwili, nistaafu. Mtu mwenye chuki wanampa shoka. Asiyeona hawampi."

"Ndiyo maana ukaniacha niamini umenikata makusudi? Na mimi nile nini?"

"Wewe una Remedios," akasema. "Kesho uliache hilo tope, nakuomba."

Nikatoka zizini.

Alhamisi Bi Quintana alikuja na viatu vya mjini, akateleza njia nzima. Eutimio alikuwa amefika na shoka lake begani. Sikungoja kuulizwa. Nilimwaga maji ya chupa yangu kwenye shina, nikafuta tope lote kwa kofia.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akikata msimu mzima," nikasema. "Haoni. Nenda miti mingine ukatazame."

Bi Quintana aliinama, akatazama, kisha akatuangalia mmoja mmoja. "Mti hauandikwi jina. Nitajuaje nani alisimama upande huu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamgeukia Eutimio, nikijua kabisa atasema ni upande wangu.

"Kidonda gani?" akasema Eutimio. "Mimi sioni kidonda."

Akasogea, akanyoosha mkono kuupapasa mti, kama muungwana anayetaka kuthibitisha. Alipapasa kulia, akapapasa juu, akateremka. Kidonda kilikuwa mbele ya pua yake, cheupe kwenye shina jekundu, naye alikuwa akipapasa mahali pazima. Bi Quintana aliacha kuandika, akarudi kivulini nyuma yetu taratibu.

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa wiki nane nzima. Nilidhani nitafurahi. Badala yake niliona aibu, aibu ya kumwona mtu mzima uchi. Nikamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyangu vitatu, nikaupeleka kwenye kidonda.

Akakipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ni kirefu hivi?"

"Ni kirefu."

"Na mingine?"

"Mingine pia."

Aliteremsha shoka begani, akaliegemeza kwenye mti. "Upande huu ni wangu, mama," akasema, akiitazama njia tuliyopandia, ambako hapakuwa na mtu. "Andika ni ajali."