Ukuta Mbele ya Bwawa

Siku hiyo Kidawa Makame hakugusa chakula cha mchana. Alirudi nyumbani baada ya adhuhuri, akajitupa kitandani na baibui lake mwilini, akajiambia atafumba macho kidogo tu kabla ya kikao cha saa kumi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa waongozaji wageni pale Rasi Kumbini, ndiye aliyepanga nani aondoke saa ngapi kufuata ile njia ya pwani inayopita kwenye magofu ya mji wa kale na kuishia kwenye bwawa la kuogelea ambalo bahari yenyewe imelichimba ndani ya mwamba. Juzi mwenzake Shali alimwambia kwamba bamvua imeanza, maji yanapanda upesi, naye, kwa kuogopa malalamiko ya wageni, akamjibu, "Nendeni tu, mtawahi." Hawakuwahi. Wimbi lilimbwaga mama mmoja kati ya wageni, mwalimu mstaafu, kwenye jabali, akavunjika mguu. Na jana mwenyekiti wa chama chao cha waongozaji alipouliza ilikuwaje, Kidawa aliusikia mdomo wake ukisema kwamba alimkataza Shali asiende, ila Shali ni mbishi. Leo alasiri Shali angefukuzwa kazi.

Usingizi ulimchukua kwa vurugu, akajiona yuko kwenye njia ileile ya pwani, miguu mitupu, na njia yenyewe haitulii, inajinyonganyonga chini ya nyayo zake kama kitu kilicho hai. Upande mmoja bahari ilikuwa ikichemka bila kutoa sauti. Kichwani alikuwa amebeba jiwe, wala hakukumbuka nani alimtwisha. Alikuwa na hamu moja tu, kufika bwawani akaoge; lakini kila alipokazana, jiwe lilimsukuma shingo chini. Ndipo akatokea mtu mtanashati, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi, jina lake Kisingizio. "Pole dada," alimwambia kwa sauti laini. "Jiwe hilo si lako hata kidogo. Ni bahari, ni wageni, ni haraka za siku hizi. Nifuate, naijua njia ya kivulini." Kidawa akamfuata, maana hakuna aliyekuwa amemsemesha kwa upole tangu jana.

Njia ya kivulini iliwafikisha kwenye mji wa kale, lakini mji ule haukuwa magofu tena. Kuta zilikuwa zinapanda. Fundi mmoja, chokaa hadi viwikoni, alikuwa anajenga bila kupumzika, na huyo aliitwa Uongo. "Karibu, karibu sana," alisema bila kugeuka. "Jiwe ulilonipa jana linayumba. Lete hilo la pili lilishikilie." Kidawa akampa, akajisikia mwepesi kwa pumzi moja, kisha shingo ikainama tena, kwani palikuwa na jingine. "Hilo la tatu ni la leo," fundi alimweleza. "Watakuuliza kama Shali alikuonya, nawe utasema hakukuonya. La kesho tutalijua kesho." Ukuta ukamzibia njia. Nyuma ya ukuta huo alisikia maji ya bwawa yakigonga mwamba, karibu kabisa. Akachungulia kwenye mwanya, akamwona Shali amejengewa humo ndani, chokaa imemfika kidevuni. Alikuwa anamtazama tu.

"Mtoeni!" Kidawa alilia, na mkono ukamshika bega. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu iliyojaa vumbi. "Mimi Dhamira," alisema. "Nimekufuata tangu jana. Nilipokuita, uliongeza sauti ya redio." Akamwonyesha uwazi mdogo ufukweni, mahali ukuta ulipokuwa haujafika, na kwenye uwazi ule ameketi mwanamke mkubwa wa kutisha, ndoo ya maji mapajani.

"Yule ni Fedheha," Kidawa alisema. "Yule simwezi."

"Hakuna anayemweza, mwanangu. Lakini yeye hukaa mlangoni tu, bwawani haingii. Atakumwagia maji ya baridi mbele za watu, nawe utatetemeka. Sikudanganyi, utatetemeka sana. Kisha utapita."

"Na Shali?"

"Lile jiwe la kwanza nani alilileta?"

Bahari ilikuwa imepanda, maji yamemfika Kidawa kiunoni. Kisingizio akamvuta baibui, akimnong'oneza asubiri yapwe. Kidawa akapiga magoti, akalichimbua jiwe la chini kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Ukuta ukaguna, na kule mlangoni Fedheha akasimama, akainua ndoo yake.

Alizinduka. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria: pale alipokuwa anajificha ndipo Shali alipokuwa anazikwa, na kile alichokuwa anakikimbia kilikuwa ndicho mlango. Hata hivyo, njiani alisimama mara mbili. Kwenye kona ya msikiti alijiambia labda Shali atapewa onyo tu, basi yaishe, na papo hapo akaitambua ile sauti laini. Akaanza kukimbia.

Hakumngoja mwenyekiti afungue kikao. "Shali alinionya," alisema akiwa bado mlangoni. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Jana nilidanganya." Mtu mmoja akasonya. Wengine walimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwenyekiti akamvua ukuu pale pale, akamwambia kabla jua halijazama awe ameshafika hospitali kumwomba radhi yule mama.

Nje alimkuta Shali anavaa viatu. "Kaka Shali, nisamehe."

Shali alifunga kamba ya kiatu cha kwanza, kisha cha pili. "Tangu jana mke wangu ananiuliza kama ni kweli nilikatazwa," alisema. "Mke wangu, Kidawa."

Akaondoka. Kidawa alibaki barazani akitetemeka mwili mzima, kisha akajifunga mtandio vizuri, akashika njia ya hospitali, hajui hata neno la kwanza atakalomwambia yule mama.