Kijiji cha Ghorofa ya Tatu

Donatienne alivua buti za theluji, akavaa raba za kazi, akapanda ngazi kwa miguu maana lifti ilikuwa imeharibika tena. Ghorofa ya tatu ya nyumba ile ya wazee, kule Malton karibu na uwanja wa ndege, ilinuka uji na dawa ya kusafishia sakafu. Aliwaosha wazee wake mmoja baada ya mwingine, akawavalisha, akawachana nywele, huku ndege zikinguruma juu ya paa. Mzee Wilfred alimwacha mwisho makusudi. Huyo alikuwa na safari naye.

Alimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kiunoni amefungwa mkanda mweusi.

Mzee Wilfred alizaliwa Hollinby, kijiji cha mashambani Uingereza. Ameishi Toronto tangu ujana wake, lakini akili yake ilikwisha kurudi kwao ikamwacha yeye hapa. Jina la binti yake aliye Vancouver lilimtoka. Hollinby haikumtoka hata kidogo. Basi Donatienne akamjengea kijiji chake kwenye korido. Kizingiti cha ukumbi wa kulia kilikuwa daraja la mawe. Chumba cha mashuka kilikuwa kanisa, na ndani yake sanamu ya askari wa zamani aliyelala juu ya kaburi lake, mbwa wa jiwe miguuni, pua imevunjika. Mlango wa lifti ulikuwa baa ya Farasi Mweupe, alikokunywa baba yake. Meza ya wauguzi ilikuwa baa ya Mganda wa Ngano, alikokunywa babu yake, kwa sababu baba na babu waligombana juu ya nguruwe mmoja na hawakukaa tena meza moja mpaka kufa. Hicho kisa cha nguruwe Donatienne alikisikia kila siku, na kila siku alicheka.

Walikizunguka kijiji asubuhi kwa asubuhi, mkono wa mzee juu ya mkono wake. Mbele ya chumba cha mashuka mzee alivua kofia. Donatienne naye alisimama akawaamkia wazazi wa mzee waliozikwa pale, maana kwao Uvira mtu hapiti makaburi ya watu wa nyumbani kimya kimya kama mwizi. Mama yake mwenyewe alizikwa yeye akiwa kwenye kambi ya wakimbizi ugenini, hakumtupia hata konzi ya udongo. Hivyo pale mbele ya mashuka alimwamkia na yeye. Alimpenda mzee yule. Hakuna sheria ya kazi iliyomtaka ampende, na nyingine zilimkataza, lakini alimpenda.

Sasa huu mkanda ulitoka wapi? Alimuuliza Josué, mfagiaji, Mkongo mwenzake.

"Alikutafuta, Mama Darlène," Josué alisema, ameegemea fagio. "Ule mwenye alikuremplacer kwa zamu yako hakujua mambo ya kanisa. Alimwambia huku hakuna kanisa, kaa chini. Mzee akaenda yeye peke yake, akaanguka pale pa mashuka."

Hakuvunjika, Josué aliongeza, ila binti yake alipigiwa simu akakubali afungwe.

Siku hizo Donatienne hakuwepo. Alikuwa matangani. Pascal, mume wa Nicole, wa kanisa lao pale mtaa wa Jane na Finch, alifariki ghafla kiwandani. Ofisi ilimuuliza marehemu ni nani kwake. Alijibu ni ndugu. Ndugu wa damu? Ndugu wa kanisa. Wakamwambia kwa ndugu wa namna hiyo hakuna ruhusa. Alikwenda hivyo hivyo, akalala sakafuni na wafiwa, akapika, akaimba hadi sauti ikakauka, hakuondoka mpaka walipozika. Angewezaje kumwacha Nicole peke yake na msiba? Ofisi ikampa onyo.

Lakini hakumwachia mtu njia ya kijiji, na hilo ndilo lililomchoma. Muda wa kutembea na mzee haukuwemo kwenye ratiba. Alikuwa anaukata kwenye chakula chake cha mchana, na hakutaka mtu ajue.

Na mkanda aliujua. Mzee akishakalishwa, miguu husahau kazi yake. Baada ya miguu huja vidonda, baada ya vidonda kitanda, halafu chumba husafishwa aingie mwingine. Aliwaona wengi wakienda kwa njia hiyo, na yote hayo yaliitwa usalama.

Aliinama akafungua. Mzee akasimama, akauliza kama kanisa bado liko wazi. Liko wazi, Baba, alimjibu. Wakafika darajani, na darajani wakakutana na Naheed.

Naheed alikuwa mkuu wa zamu, mtoto wa wenye duka wa Mwanza. Kiswahili alikitoa pale tu alipotaka neno gumu lishuke polepole.

"Dada, nani kakuruhusu umfungue?"

"Hakuna, madam. Lakini anatembea. Mwangalie."

"Namwona. Akianguka tena, nani atajibu? Zamu hii nina watu nusu ya ninaowahitaji."

"Nitatumia saa yangu ya kula."

"Ukiwa ndani ya hiyo sare, hata ukila uko mikononi mwangu. Onyo moja unalo. Tafadhali, usinilazimishe nikuandikie la pili."

Naheed alitazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi wachache na mabosi wengi. Donatienne alifikiria kodi ya nyumba, iliyopandishwa tena, na bintiye Darlène ambaye viatu vyake vya baridi vilishambana. Akamkalisha mzee. Mkanda ukalia ta! Mzee alimtazama huyu, akamtazama yule. Kiswahili hakukijua hata neno, lakini kugombezwa hakuhitaji mkalimani.

Kutwa nzima Donatienne alifanya kazi bila kuimba. Neno moja tu la Naheed lilimkaa kichwani: sare.

Zamu ilipokwisha alivua sare, akavaa buti na koti lake zuri la kanisani. Akatoka mlango wa nyuma wa wafanyakazi, akalizunguka jengo zima kwenye theluji, akaingia kwa mlango wa mbele. Mgonjwa huendewa kujuliwa hali. Hilo hakufundishwa na ofisi yoyote. Kijana wa mapokezi, Mikail, alimwangalia kwa mshangao. Akamuuliza, kama alivyotakiwa kumuuliza kila mgeni, yeye ni nani kwa mzee.

"Binti yake," Donatienne alisema.

Mikail alilitazama lile koti, akatazama bango la ukutani lililosema wageni wanaruhusiwa kutembea na wazee wao. Akampa beji ya mgeni bila kuuliza zaidi.

Mzee Wilfred alikuwa palepale walipomwacha, dirishani, kofia mapajani. Koridoni Naheed aliiona beji, akamfuata, akasimama mlangoni. Donatienne alipiga magoti mbele ya kiti. Akaufungua mkanda, akauachia pande mbili, akamshika mzee mikono.

"Twende, Baba. Kanisa liko wazi. Tutapitia na kwa baba yako, Farasi Mweupe."

Mzee alimtazama usoni. Akamtazama Naheed mlangoni. Kisha akaitoa mikono yake taratibu, ikaanza kupapasa huku na huku pembeni ya kiti, mpaka ikazipata ncha za mkanda. Kuufungua hakuwahi kuweza. Kuufunga hakukutaka nguvu. Akazikutanisha ncha mbele ya tumbo, zikalia ta! akavuta kidogo kuhakikisha zimeshika.

"Kaa tu, mwanangu," alisema, akimpigapiga begani. "Watakugombeza tena."