Dume la Chuma Jikoni

Kwenye gemu mimi ni mwanaume wa miraba minne, ndevu hadi kifuani, jina Dume la Chuma. Nje ya gemu mimi ni msichana ninayesubiri matokeo ya kidato cha nne, namenya vitunguu na kulia bila kufiwa.

Zile ndevu sikuziota bure. Nilipoingia mara ya kwanza kama dada, sikupigwa risasi, nilipigwa maswali: unakaa wapi, una mtu, tuma picha. Isitoshe, kaka yangu, kapteni wa timu moja kali, alikuwa ameshatangaza mezani: "Timu yangu haichukui wasichana. Wakifungwa wananuna." Basi nikaja na ndevu, nikaomba nafasi, akanipa kwa mikono miwili. Nilikuwa namwandikia tu. Nilisema maiki yangu imekufa. Akimsifu Dume wakati wa kula, mimi napaliwa na maji.

Jioni ya fainali kaka alikuwa sebuleni na simu yake, hedifoni sikio moja kama kawaida. Mimi jikoni, simu mkononi, hedifoni sikioni, maharage motoni. Wenzetu wakaanguka mmoja mmoja. Kaka naye akaanguka. Nikabaki peke yangu na maadui wawili, timu nzima ikinitazama.

"Dume, tulia," kaka akanong'ona sikioni mwangu. "Usiruke, usikimbie."

Vidole vyangu vilikuwa vimelowa maji ya vitunguu, na simu ikiguswa na maji haina adabu, inajibonyeza itakavyo. Sikuona alama ya maiki ikiwaka.

Mama akapaza sauti kutoka uani: "Wewe binti! Maharage yanaungua, pua umemwazima nani?"

Kaka akamsikia mama kwa masikio yote mawili: moja kutoka uani, jingine kutoka kwa Dume la Chuma.

Kiti kikakwaruza sakafu. Hatua zikaja. Nikizima simu, fainali imekwenda. Nisipozima, nimekamatwa kama mwizi wa mbuzi, ngozi mkononi. Sikuzima. Adui wa kwanza akachungulia dirishani, nikamlaza. Kaka akasimama nyuma yangu.

"Ni wewe?"

"Sogea, unaniziba mwanga."

Adui wa pili akaibuka juu ya paa. Nikaruka. Akanipata nikiwa hewani.

Hedifoni zetu zikalipuka kwa sauti za wenzetu. "Kapteni, kumbe demu!" "Katufungisha!" "Mtoe sasa hivi!"

Kaka akaniangalia kama mtu aliyemkuta mwizi ndani, halafu mwizi mwenyewe ana sura ya mama yake. Kidole chake kikasogea kwenye simu yake hadi jina langu, pale penye kitufe chekundu cha kumtoa mchezaji. Taya zikamcheza. Nilishika ukingo wa meza. Maharage yalinuka moshi na hakuna aliyeyagusa.

"Nyie," akasema kwenye maiki. "Nani kati yenu alikuwa hai mwishoni?"

"Lakini kapteni..." mmoja akaanza.

"Basi mnyamaze."

Akavua hedifoni. Kwangu hakutabasamu hata kidogo.

"Nilisema usiruke. Kapteni akisema usiruke, unaruka kwenda wapi? Kesho tunafanya mazoezi ya watu wa juu ya paa. Ukichelewa, benchi."

Nikainamisha kichwa tu, kama mchezaji yeyote aliyefungisha timu.