Plaketi ya Moto

Kofi la kwanza lilimkuta Séraphin Mpoyi amepiga magoti mbele ya gurudumu la teksi. La pili lilimkuta amelala. Hakuulizwa neno. Wanaume watatu waliingia gereji yake ya mtaa wa Kasulo Jumamosi asubuhi, wakafunga lango kama watu waliofika kwao, wakaanza kazi. Mmoja alimfuata Stany, shemeji yake, aliyekuwa akinyoosha bati la mlango, akamnyang'anya nyundo na kumpiga nayo mdomoni. Stany alitema meno mawili juu ya mafuta machafu.

Nyuma yao akaingia Kabemba, mnunuzi wa kobalti, mtu ambaye pesa zilimfikia kabla ya adabu, na adabu ilipokuja ikakuta mlango umefungwa. Paji la uso wake lilikuwa na bandeji inayovuja damu.

"Ulinitia plaketi ya moto," alisema. "Mu motokari yangu. Plaketi ya ba-taximen, bale banabebaka bamama na mandizi."

Séraphin akaelewa papo hapo. Kolwezi moto ni ule unaopikia bukari, ugali wa huko, na moto ni pikipiki pia, neno la Kifaransa lililokatwa mkia. Watu huishi na maneno hayo mawili miaka yote bila kugombana.

Mambo yalianza Jumatano. Kabemba alikuwa na kigari chekundu cha milango miwili kutoka Japani, usukani upande wa kulia, na kila Jumapili wanunuzi wenzake walikwenda nje ya mji, upande wa Mutshatsha, kushindana mbio kwenye uwanja wa ndege wa kampuni iliyokwisha kufa. Alitaka plaketi mpya za breki, vile vibao vinavyobana disiki ya gurudumu. Séraphin alikuwa na aina mbili tu. Za kwanza zilikuwa za mjini: unazigusa asubuhi, zinashika mara moja, lakini ukizitesa mizunguko mitatu zinaiva, zinanuka, na kanyagio linalainika mguuni. Za pili zilikuwa za mashindano. Hizo zikiwa baridi ni za uvivu, zinalia tu bila kushika. Zikishapata joto zinang'ata kiasi cha kumkata nyoka. Alizipima mkononi muda mrefu, maana kuchagua breki ni kuchagua mtu afe wapi, kisha akachagua za pili. Kazi ya mbio ilidai hizo, na yeye hakuwa fundi wa kudanganya.

"Hii ni ya moto, patron," alimwambia Kabemba wakati wa kukabidhi gari. "Usitembee nayo mu ville."

Kabemba alikuwa kwenye simu akitukana mtu kuhusu magunia. Alisikia maneno manne ya kwanza. Ijumaa jioni akaenda kujionyesha mjini, breki zikiwa baridi kama jiwe la mto, akakanyaga, gari likateleza polepole mpaka kwenye ukuta wa bohari.

Sasa Kabemba alimwinamia Stany, akamshika nywele.

"Weye ulikuwa hapa. Fundi alisema nini?"

Stany alimtazama Séraphin. Macho yake yaliomba msaada, lakini nyundo ilikuwa bado mkononi mwa yule mtu.

"Alisema ni ya moto," alijibu.

Alisema kweli, na ukweli ule ulitosha kuwaua wote wawili. Séraphin alianza kueleza kwamba plaketi ya pikipiki ni ndogo kama biskuti, haiwezi kukaa kwenye gari, kwamba moto aliousema ni joto. Akapigwa teke la mbavu. Akanyoosha mkono wenye kisanduku zilimotoka plaketi. Kilikuwa kimeandikwa Kijapani, na Kabemba akakirusha juu ya paa. Hasira hasara, wanasema wazee, lakini hawasemi hasara huwa ya nani.

"Bon," Kabemba akasema. "Kama ni muzuri, utatuonyesha ku piste."

Wakawapakia.

Saa tano walikuwa kwenye uwanja ule wa ndege. Ulikuwa utepe wa lami iliyopasukapasuka, majani yakichungulia, na mwisho wake ukuta wa zege wa banda lililong'olewa milango; hatua kadhaa kabla ya ukuta ililala tairi iliyopakwa chokaa, alama ya wana mbio. Pale ukutani wakamsimamisha Stany, wakamfunga mikono kwa kamba kwenye chuma kilichotokeza. Kigari chekundu, pua yake imebonyea, kiliwekwa upande wa pili, mita mia nane au zaidi. Kabemba akamtupia Séraphin ufunguo.

"Ende mbio, mbio ya kweli. Ukifika pale ku tairi nyeupe njo unakanyaga, hapana mbele ya kufika. Kama ni plaketi ya moto, utamuua ndugu ya bibi yako weye mwenyewe."

"Patron, mi naomba ma-tour mbili ya kwanza. Ipate joto. Mi napiga magoti."

"Mara moja tu. Ukizunguka, unakimbia. Ukikimbia, tunamumaliza kwa nyundo."

Séraphin aliingia. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Alimfikiria mkewe Angèle, dada yake Stany, ambaye asubuhi ile aliwafungia wote wawili mihogo ya kuchoma kwenye gazeti, na alimchukia Kabemba kwa chuki safi, isiyo na takataka ndani yake. Kisha akaacha kufikiri juu ya watu, akafikiri juu ya chuma. Plaketi zilikuwa baridi. Kutoka hapa mpaka tairi nyeupe alikuwa na labda sekunde ishirini na tano za kuzipa joto, na njia ilikuwa moja.

Alikanyaga mafuta kwa mguu wa kulia, na kwa mguu wa kushoto akakanyaga breki, vyote viwili pamoja.

Injini ilinguruma kwa uchungu. Gari lilisonga likijikataa lenyewe, likitetemeka, na Séraphin akazidisha mafuta na asiachie breki, gia ya pili, gia ya tatu, anaachia kidogo kwa ajili ya klachi na kurudi. Moshi ukaanza kuingia dirishani, ule moshi mchungu anaoujua kila fundi. Kanyagio lilikuwa gumu bila uhai. Ukuta ukaja. Akamwona Stany akipigana na kamba, mdomo wazi, na kwa sura yake akajua kitu kilichomuuma kuliko mbavu: Stany aliamini kwamba ni za pikipiki. Alisimama pale akiamini kwamba shemeji yake amemdanganya mteja na sasa anakuja kumponda.

Nusu ya njia ilikuwa imepita kanyagio lilipobadilika. Chini ya mguu wa kushoto kitu kikaamka, kikashika. Séraphin akaachia breki, akalipa gari mafuta yote, likaruka mbele, na penye tairi nyeupe akakanyaga kwa miguu miwili.

Paji lake liligonga usukani. Tairi zililia. Gari lilisimama likiwa limemgusa Stany magotini, kama mbuzi anayekuja kuomba chumvi. Stany alikuwa amejikojolea. Alilia kwa sauti kubwa, bila aibu, na Séraphin naye akalia, akiwa bado ameshika usukani.

Wale wengine walifika kwa gari lao. Kabemba alikuwa akicheka, akipiga makofi. Hasira yote ilikuwa imemtoka, kama kawaida ya watu wa aina yake, na alishangaa kwamba wenzake hawakufurahi naye.

"Inakamata," alisema. "Fundi, inakamata sana. Mumufungue ule."

Magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi. Lukusa, mmoja wa wale watatu wa asubuhi, mzee kuliko wenzake na pekee ambaye hakuwa amempiga mtu, alitoa kidumu cha maji kwenye gari. Aliwahi kuendesha malori ya shaba miaka kumi na minne kwenda Kasumbalesa, mpakani, na dereva wa lori akiona breki inafuka huimwagia maji, hana haja ya kuambiwa. Séraphin alimwona akifungua kifuniko. Yeye alikuwa amemkumbatia Stany, akimfungua kamba, na akamwacha amwage. Maji yakagonga chuma, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ule Séraphin akasikia mlio mfupi, mkavu. Disiki ya kushoto ilikuwa imepasuka.

"Sasa ni mi," Kabemba akasema, akiketi penye usukani. "Stany, kuya. Ingia, uone breki yenye ilikuponyesha."

Wakamsukuma Stany ndani, upande wa pili, wakafunga mlango.

"Patron, shuka. Disiki imepasuka. Ukikanyaga mbio, itavunjika."

"Asubuhi plaketi, sasa disiki." Kabemba akawasha injini na kuanza kuligeuza gari. "Weye uko na maneno mengi."

Séraphin alitazama chini. Kwenye buti lililo wazi la gari la pili kulikuwa na spana ya magurudumu. Aliichukua, akapiga hatua tatu, na mkono wa Kabemba ulipokuwa umelala dirishani akaupiga kwa nguvu zake zote. Mfupa ulisikika. Gari likazima. Kabemba akapiga mayowe, na wenzake wawili wa Lukusa wakamwangukia fundi kwa mateke na nyundo, wakamvunja pua, wakamvunja vidole viwili vya kushoto alivyokingia kichwa, wakaendelea.

"Gurudumu!" alikuwa akipiga kelele chini ya viatu vyao. "Muangalie gurudumu!"

Ni Kabemba aliyeangalia. Alishuka akiwa ameubeba mkono wake kama mtoto mchanga, akainama, akachungulia kati ya mikono ya rimu. Ufa ulitoka katikati ya disiki mpaka ukingoni. Aliingiza ukucha, na ukucha ukazama. Akainuka.

"Muache fundi," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti: "Nani alimwanga mayi?"

Lukusa alikuwa bado na kidumu mkononi.

"Ni mi, patron. Tulikuwa tunafanyaka vile ku barabara ya Kasumbalesa. Kila muntu anafanyaka vile. Fundi anajua. Umuulize fundi."

Séraphin alijua. Angeweza kusema kwamba hakuna dereva katika Lualaba yote asiyefanya hivyo, kwamba yeye mwenyewe alimwona akifungua kifuniko na hakumzuia. Damu ilikuwa imemjaa mdomoni, lakini si ndiyo iliyomzuia. Aliogopa kwamba akifungua mdomo watamkumbuka Stany. Akasimama, akafungua mlango, akamtoa shemeji yake kwa mkono mmoja, wakaanza kutembea juu ya lami.

Nyuma yao pigo la kwanza lililia kwenye kidumu kitupu. La pili halikulia kwenye kidumu.

"Shemeki," Stany akasema, akisimama.

"Tembea."

Walitembea. Lukusa aliita, fundi, fundi, sema kwao, mara nyingi, na kisha hakuita tena, na wao walikuwa bado hawajafika barabarani.