Mke Mdogo wa Mzee Uweso

Babu yangu, Mzee Uweso, alikufa Jumanne asubuhi, mwaka wa themanini na sita, akitunga uzi kwenye sindano. Watu wa Pongwe walieneza kwamba alikufa kitandani kwa utulivu. Utulivu gani? Alikufa akiigombeza sindano, na mimi nilikuwepo.

Alikuwa fundi cherehani. Miaka ile ya shida, nguo zilipoadimika hadi mtu akajifungia ndani kusubiri shati lake likauke, babu ndiye aliyefumua kola iliyochakaa akaigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, na shati likapata umri mwingine. Mwaka aliokufa mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Tanga. Mashati yalikuja makubwa kupita kiasi, naye akayapunguza huku akinung'unika, kwenye chumba chetu cha mbele kinachotazama barabara ya Muheza.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ndio utani wenyewe. Babu aliniita mke mdogo. Bibi Mwatumu aliniita mke mwenza, hasa maharage yalipoungua. Mteja akija, babu alimwambia asubiri kidogo, wake zake wanagombana jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hao wawili ndio walionilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni.

Tulipomzika, bibi aliingia edani. Akavaa nyeupe, akalala akiutazama ukuta. Hakula wala hakusema neno.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha, Ami Sadalla aliwakalisha wazee barazani. Huyu ni mtoto wao mkubwa, alikuja kutoka Moa, na tangu serikali ilegeze masharti ya biashara alikuwa hatulii. Akaeleza kwa sauti ya huruma kwamba mama yake hawezi kuachwa hivi. Atamchukua Moa kesho. Mimi nitapelekwa kwa shangazi yangu Muheza. Na chumba cha mbele kimeshapata mtu, anataka kuweka duka la mitumba. Kesho, na udongo wa kaburi haujakauka.

Shekhe Yasini alimkumbusha kwamba mjane hukaa eda nyumbani mwa mumewe, miezi minne na siku kumi. Ami akajibu kuwa hii ni dharura. Mjane mwenyewe hali, hasemi, na humo ndani hamna wa kumtazama ila mtoto. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilisimama mlangoni na sinia la vikombe, nikamchukia kila mmoja wao kwa zamu.

Nikaliweka sinia chini. Nikachukua shuka jeupe la babu lililokuwa kambani, nikajitanda, nikaketi kizingitini.

"Mimi siendi Muheza," nikasema. "Nimefiwa na mume. Niko edani."

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Ami akasema huu si wakati wa mchezo.

"Miaka yote mlinicheka, mke mdogo, mke mdogo. Alipokuwa hai nilikuwa mke, leo kafa nimekuwa mtoto? Shekhe na aseme, mjane hutolewa nyumbani?"

Nilijua kama wao kwamba sina eda yoyote. Shekhe Yasini aliinamisha uso, ndevu zikimtetema, akasema eda ya mke mdogo haimo katika kitabu alichosoma yeye. Lakini ya mke mkubwa imo, na akitaka kukaa, hakuna wa kumtoa. Basi aulizwe mwenyewe.

Nikaingia chumbani. Bibi akikaa kimya tu, tumekwisha. Kesho nyumba ni duka. Nikamwambia wanataka kutuhamisha, aseme neno moja. Hakugeuka. Nikamshika mguu, nikambembeleza, hakugeuka. Hapo hasira zilinipanda, za Ami, za kifo, na zake yeye aliyeniacha peke yangu na msiba. Nikapaza sauti wasikie hata walioko nje.

"Haya, nenda Moa. Mimi nabaki na mume wangu. Na ujue, alinipenda mimi zaidi kuliko wewe."

Bibi akageuka taratibu, akanitazama kutoka juu hadi chini na lile shuka langu.

"Wewe?" Sauti ilikuwa imemkauka. "Wewe uliyemlisha maharage ya kuungua miaka yote? Sitoki humu, mke mwenza. Lete uji, na usiuunguze."

Barazani walicheka, wakasahau kwamba wako msibani. Mimi nikalia palepale, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Chumba cha mbele nikakikalia mimi. Nilipunguza mashati, na bibi aliyekuwa nyuma ya pazia alisikia mlio wa cherehani tu akajua nimekosea, akanisema. Tulimenya mihogo, tukachambua mchele, tukagombana juu ya chumvi. Kwa wiki nyingi nilimimina vikombe vitatu vya chai bila kukusudia. Cha tatu alikinywa bibi, tena mpaka tone la mwisho.

Eda ilipokwisha, bibi alioga, akajifunga kanga nyekundu, akaketi na mimi chumba cha mbele, pazia limefunguliwa. Siku hiyo Ami Sadalla alikuja na mfuko wa sukari. Zamani alikuwa akiingia moja kwa moja. Safari hii alisimama nje, akapiga hodi, na bibi akamkaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye cherehani. Mtu mzima, mvi zimeshamwingia. Akajikuna shingo, akatazama chini. Hapakuwa na watu wa kuchekesha, wala yeye hakuwa anacheka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. "Vua viatu. Nimepiga deki."